Zahanati Iliyohamia Darasani: Niliyojifunza katika Mafuriko ya Rufiji

Maji yaliingia kijijini kwetu siku ya jua kali. Watu wa mbali huona shida kuliamini jambo hili, kwa kuwa wao huyajua mafuriko yanayokuja na mvua ya usiku na radi, lakini sisi tunaoishi katika bonde la Rufiji tunafahamu kuwa mto wetu hubeba mvua za watu wengine. Mvua ikinyesha sana Iringa, Mbeya au Morogoro, maji yake hukusanyika katika Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kisha hutushukia sisi siku kadhaa baadaye, wakati anga letu limekwisha kutakata. Mwanzoni mwa Aprili 2024, katika kumi la mwisho la Ramadhani, nilikuwa nimeketi barazani mwa zahanati nikijaza kadi za kliniki ya watoto, nikaona maji yanapita kwenye mfereji ulio nyuma ya choo yakielekea upande usio wake. Hayakuwa na kelele. Yalikuwa ya kahawia, yamebeba mabua ya mahindi, na yalikuja kwa mwendo wa mzee anayetembea bila haraka.

Mimi ni muuguzi. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa kazini, sita kati ya hiyo katika zahanati hiyo hiyo, ambako tulikuwa watumishi watatu tu: tabibu, mhudumu wa afya na mimi. Wanakijiji hutuita wote dokta. Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika haya, kwa sababu nilitaka kwanza kuyatenganisha yale yaliyoniumiza na yale yaliyonifunza, nikagundua kwamba mara nyingi ni mambo yale yale.

Haiwezi kusemwa kwamba hatukuonywa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza tangu Agosti 2023 kwamba vuli ingekuwa na mvua za El Nino, na mvua hizo zilikuja kweli. Desemba 3 mwaka huo tulisikia habari za maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, tukawalilia ndugu zetu wa Manyara, lakini hatukujifikiria sisi wenyewe, kwa kuwa bonde letu halina mlima. Onyo lililotufikia lilikuwa la lugha ya mvua: juu ya wastani, wastani hadi juu ya wastani. Hakuna mtu kijijini aliyeweza kuigeuza lugha hiyo kuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Laiti mtu angesema kwamba maji yatafika ngazi ya pili ya msikiti, kila kaya ingejua la kufanya siku hiyo hiyo, maana kila mtu anajua ngazi ya pili ya msikiti iko wapi ikilinganishwa na kizingiti cha nyumba yake.

Tena ni lazima nieleze jinsi watu wa huku wanavyoyaona mafuriko, kwani mgeni akikosa kulielewa jambo hilo atatuhukumu vibaya. Rufiji haikuanza kufurika jana. Mzee mmoja, jirani yangu, alinisimulia jinsi baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ilivyowahamisha watu kutoka bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya mwinuko, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji. Watu walihama, mashamba yakabaki chini. Ndiyo maana hadi leo utaona madungu kule mashambani, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo familia hukaa msimu mzima wakilinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Maji yanapopungua huacha tope lenye rutuba, na humo hupandwa mlao, mazao ya kiangazi yanayokua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kutegemea mvua. Kwa mkulima wa bondeni, mafuriko ya kiasi ni sehemu ya kilimo, na mwaka usio na maji kabisa huhesabiwa kuwa mwaka mbaya.

Kwa hiyo tulipoanza kupita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wahame, nilikutana na majibu yaliyonikasirisha. Mama mmoja aliniambia, "Dokta mwanangu, haya maji tunayajua, yatakaa siku tatu yatateremka." Nilimjibu kwa ukali, na ukali huo ninaujutia hadi sasa. Baadaye, tulipokuwa kambini, ndipo aliponieleza kwamba mahindi yake yalikuwa yamebakiza wiki mbili kukomaa, kwamba shamba hilo alilima kwa mkopo wa kikundi, na kwamba alikuwa na mbuzi wanne ambao hakuna aliyemwambia wangelala wapi. Hakuwa mkaidi wala hakuwa mjinga. Alikuwa anafanya hesabu, na mimi sikumpa tarakimu hata moja ya kumsaidia. Tangu siku hiyo nimeacha kumwuliza mtu kwa nini hataki kuondoka. Humwuliza ni kitu gani kinamshika hapo alipo, na mara nyingi kitu hicho kina ufumbuzi: mtu wa kumbebea mama yake asiyeweza kutembea, banda la mifugo, mahali pa kuweka magunia, au hakikisho tu kwamba mlango utalindwa.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Jioni ile ya kwanza, maji yalipofika kwenye baraza, jambo la kwanza nililolikimbilia lilikuwa chanjo. Nilifundishwa hivyo na ninaamini ni sahihi, maana chanjo nyingi huharibika zikitoka nje ya nyuzijoto 2 hadi 8. Tulizipanga ndani ya kibebeo chake pamoja na vipande vya barafu, mhudumu wetu akapanda bodaboda na kuzipeleka kituo cha afya cha mwinuko kabla njia haijakatika. Kisha tukainua darubini, mizani, godoro la kujifungulia na maboksi ya dawa hadi juu ya meza. Rejesta nilizisahau. Zilikuwa kwenye rafu ya chini, mahali palipokuwa rahisi kuzifikia kila asubuhi, na tuliporudi alfajiri kwa mtumbwi maji yalikuwa dirishani.

Mtu asiyefanya kazi ya afya anaweza kusema kwamba vitabu ni vitabu tu. Lakini ndani ya vitabu vile ndimo alimokuwa mjamzito aliyewahi kupasuliwa na ambaye hapaswi kujifungulia kijijini, ndimo alimokuwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyebakiza miezi miwili kumaliza dozi, ndimo walimokuwa wote wanaotumia dawa za kufubaza makali ya VVU, na tarehe ambayo dawa za kila mmoja zingekwisha. Dawa ikizama hospitali ya wilaya inaweza kuleta nyingine. Zilipozama rejesta, tulibaki na shehena ya dawa tusiyojua ni ya nani, na watu waliotawanyika pande tatu, wengine shuleni, wengine kwa ndugu zao Ikwiriri, wengine juu ya madungu kule kule bondeni.

Kambi yetu ilikuwa shule ya msingi iliyo juu ya kilima kidogo, na zahanati ilipewa darasa moja. Tuliunganisha madawati kuwa vitanda, tukatundika kanga mbili kuwa pazia, na ubao ukawa mahali pa kuandikia zamu. Nilinunua kaunta buku, nikaanza kuijenga upya orodha kutoka kichwani. Nilijaribu kwanza kwa kukumbuka majina, nikakwama. Ndipo nilipobadilisha njia: nilimwita kila mjumbe kwa kitongoji chake, nikamwomba atembee nami kwa mawazo kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, akinitajia walioko humo na mahali walipokimbilia. Siri za wagonjwa sikumwambia; yeye alinitajia watu tu, na mimi nikaweka alama zangu kimya kimya pembeni. Nyumba zilirudi moja baada ya nyingine. Kwa siku tatu tulipata karibu kila mtu niliyemhitaji, na ninasema "karibu" kwa uzito, kwa sababu mgonjwa mmoja wa shinikizo la damu hatukumpata hadi alipoletwa akiwa amepooza upande mmoja. Alikuwa kwenye dungu kwa siku kumi na moja bila dawa.

Jambo lililoninyima usingizi kuliko yote lilikuwa siri. Kijijini, mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU ana mahali pake pa kuzificha: kwenye kapu la mchele, juu ya dari, kwa shoga yake mmoja anayemwamini. Darasani mlilala familia sita, na kopo lile jeupe la vidonge hulia kila linapotikiswa. Siku ya pili alinijia mama mmoja, akasimama mlangoni kana kwamba amekuja kuomba kidonge cha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini sana kwamba amezitupa dawa zake majini, kwa kuwa mke wa shemeji yake alikuwa analala mkeka wa pili. Nilimkalisha, tukanyamaza wote wawili. Kisha nikaanza kuwapa watu wote dawa zao katika bahasha za kaki, zile zile ndogo tunazotumia kwa vidonge vya kawaida. Mwenye malaria alipata bahasha, mwenye shinikizo la damu alipata bahasha, mtoto wa minyoo alipata bahasha, na yeye pia. Vidonge vile hudhurika kwa unyevunyevu vikiwa nje ya kopo lake, kwa hiyo niliwapa vya wiki mbili tu, nikavifunga kwanza katika kifuko kikavu cha nailoni, na makopo nikayahifadhi mwenyewe. Kila jioni baada ya futari nilipita madarasa yote nikiuliza kwa sauti, "Nani hajameza dawa yake?" na vikombe vya maji vilinyanyuliwa kila upande. Katika kambi iliyojaa wagonjwa wa kila namna, hakuna aliyeweza kujua nani anameza nini.

Kuhara kulianza siku ya tano. Vyoo vya shimo vya bondeni vilikuwa vimefurika na kuchanganyika na maji ya visima, na shule ilikuwa na matundu manne ya vyoo kwa watu waliozidi mia tano. Tulipewa vidonge vya kutibu maji, kimoja kwa ndoo ya lita 20, lakini maji yetu yalikuwa na tope, na dawa haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Akina mama ndio waliotusaidia hapo: waliyaacha maji yatulie usiku kucha, asubuhi wakayachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, ndipo wakaweka kidonge na kusubiri nusu saa. Pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, zilipokwisha kwa siku mbili, tulirudi kwenye kipimo cha zamani ambacho kila mzazi anapaswa kukijua kama anavyolijua jina la mwanawe, yaani lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nilikiandika ubaoni, na watoto waliokuwa wamekosa masomo wakakikariri kama wimbo. Wako waliokuwa wanahara huku wamefunga, hawataki kufungua, wakiona kwamba katika msiba kama ule ndipo swaumu inapohitajika zaidi. Maneno yangu hayakuwatosha. Shekhe wa msikiti wetu alisimama baada ya sala ya alasiri akawakumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye, kisha yeye mwenyewe akampelekea kikombe cha ORS mzee mmoja na kumshikia hadi akamaliza. Sikukuu ya Idi, Aprili 10, ilitukuta hapo hapo, tukala pilau iliyopikwa kwa mchele wa msaada.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu usiku wa mtumbwi, kwa hiyo nitausimulia kwa ufupi. Mjamzito wa mimba ya tano, ambaye hakutaka kuhama kwa sababu ya watoto wake wanne, alishikwa na uchungu saa nne za usiku kwenye kitongoji kilichozungukwa na maji. Mumewe alifika kambini kwa mtumbwi kutuita. Mvuvi aliyekubali kutupeleka alikataa katakata kuwasha tochi kubwa, akaenda polepole kwa upondo akifuata mstari wa minazi, maana kule kwenye maji mapana walikuwapo viboko, na kiboko huuona mtumbwi kuwa ni adui. Nilibeba kifurushi cha kujifungulia ndani ya ndoo yenye mfuniko. Tulipofika mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa mikononi mwa nyanya yake, na kazi yangu ilikuwa kukata kitovu kwa wembe safi, kumchoma mama sindano ya kuzuia damu na kukaa naye hadi alfajiri. Wote walikuwa wazima. Lakini huo haukuwa ushujaa. Ilikuwa bahati, na kazi ya afya haijengwi juu ya bahati. Siku iliyofuata tuliwaorodhesha wajawazito wote waliokuwa wamepita miezi minane, tukawaomba wasogee kwa ndugu zao walio karibu na hospitali. Wawili hawakuwa na ndugu upande huo, na walipokelewa na wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa ambao hawakuwahi kuwaona kabla ya siku hiyo.

Nyumba yangu ilizama pia. Wanangu wawili niliwapeleka kwa dada yangu Mbagala siku ya pili, na kwa majuma saba nikawa mama wa kwenye simu, kila siku baada ya magharibi, kwa simu niliyoichaji kwa sola ya mwalimu mkuu. Kuna kitu kinachomtokea mtumishi katika hali kama hiyo ambacho hatukizungumzi. Unapewa msaada wa mwisho kwa sababu wewe ni mwenye mshahara, na unaogopa kulia kwa sababu wewe ni dokta. Wakati huo huo ofisi moja ilikuwa ikinipigia simu kuulizia ripoti ya mwezi, wakati kurasa za rejesta zilikuwa zimeanikwa juani uwanjani, kila moja imewekewa jiwe. Nilijibu vibaya. Tabibu wetu alichukua simu, akaniambia niende nikalale, naye akakaa zamu yangu. Kuanzia hapo tulikubaliana kwamba kila mmoja wetu atalala saa sita mfululizo ndani ya kila siku, hata kama foleni ni ndefu kiasi gani, na kwamba hakuna atakayeandika dozi ya mtoto akiwa amechoka bila mwenzake kuisoma tena. Katika yote tuliyoamua mafurikoni, huo ndio uamuzi ambao ningependa kila zahanati iuamue kabla ya maji.

Mwishoni mwa Aprili tulisikia redioni Waziri Mkuu akilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko, na kwamba zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika. Darasa zima lilinyamaza. Ubishi kuhusu bwawa la umeme lililo juu yetu, kwamba je, lilituongezea maji au lilitupunguzia, ulikuwa mkali kila jioni, na serikali ilishikilia kwamba chanzo ni mvua. Mimi niliwasihi watu wasiache kuchemsha maji wakati wanabishana. Siku chache baadaye kilikuja kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ikakatika Somanga, na wenzetu wa upande wa Kilwa, Lindi na Mtwara nao wakaonja kuwa kisiwani.

Maji yalirudi mtoni taratibu kama yalivyokuja. Tuliporudi zahanati tulikuta tope hadi magotini, nyoka wawili chini ya meza ya kujifungulia, na mstari wa kahawia uliozunguka kuta zote kwa usawa wa kifua changu. Tulifagia, tukamwaga dawa ya klorini, tukapaka chokaa, ila tabibu aliwaomba mafundi wauache mstari ule kwenye chumba cha dawa. Rafu ya rejesta tumeigongomea juu yake. Kaunta buku yangu ina nakala ya pili inayokaa kwa mwalimu mkuu kilimani, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kila robo ya mwaka huwa naipandisha nikaiandike upya kwa kuwatembelea wajumbe nyumba kwa nyumba, kama tulivyofanya darasani.

Julai mwaka ule bonde lilikuwa la kijani tena. Mama wa mbuzi wanne alikuwa amepanda mlao wa mahindi na maboga juu ya tope lile lile lililomlia mahindi yake, na aliniletea maboga mawili. Yule mwingine, aliyezitupa dawa zake, huja kila mwezi siku yake ikifika. Makopo yapo, na nyumba yake imejengwa upya ina vyumba viwili na mlango wa kufunga, lakini yeye hulisogeza kopo pembeni, akafungua pindo la kanga, akanipa bahasha ya kaki iliyokunjwa vizuri ili nimtilie humo vidonge vyake.